Ufito na Tangi Namba Tatu

Shemeji yangu aliitwa Ufito, na wageni wengi pale kituoni walidhani ni kwa sababu ya mwili wake. Ni kweli alikuwa mwembamba. Mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu matatu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Lakini jina lilitokana na kazi. Alikuwa mpimaji wa matangi ya mafuta, na kila asubuhi, kabla gari la kwanza halijaingia, ungemwona anavuka uwanja wa kituo amebeba begani ufito mrefu kuliko watu wawili, uliochorwa namba kutoka chini hadi juu.

Tuliishi ua mmoja. Alimwoa dada yangu mkubwa, na mimi, fundi mwashi nisiye na mke, walinipa chumba cha pembeni, mlango ukitazama kisima. Mama yetu naye alipozeeka aliletwa pale, akamalizia miaka yake miwili ya mwisho katika chumba cha mbele. Nyumba ilikuwa hatua kama mia mbili kutoka kituoni, upande wa mteremko. Dada alikuwa akitoka nje tu na kuita, na Ufito akasikia.

Kazi yake aliniruhusu kuitazama siku moja nilipokuwa natengeneza ukuta wa choo cha kituo. Matangi yalikuwa manne, yote yamezikwa chini ya sakafu ya zege, na juu yake huoni kitu isipokuwa vifuniko vinne vya chuma. Namba tatu ndilo lililokuwa kongwe kuliko yote, la petroli. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, akapaka ufito dawa nzito ya rangi ya waridi kutoka kwenye tyubu kama ya dawa ya meno. Dawa ile ikigusa petroli hugeuka nyekundu pale pale. Akauteremsha taratibu, mkono juu ya mkono.

"Usiuachie ukaanguka," alinieleza. "Ukigonga chini, mafuta yanaruka, unasoma uongo."

Akautoa, akasoma mahali wekundu ulipoishia, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaandika kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Aliacha shule darasa la saba kama mimi, lakini namba zake zilisimama wima kama askari wa gwaride. Mkaguzi wa serikali alikuja mara moja kwa mwaka, akafunua kurasa, akasema, "Kitabu kisafi," akagonga muhuri. Siku hiyo Ufito alirudi nyumbani anatembea kama bwana harusi.

"Leo nimesifiwa tena," alimwambia dada.

"Vua hilo koti huko huko nje, ndipo nikusifu na mimi," dada alimjibu. "Ukipita karibu na jiko langu tutalipuka wote."

Huo ndio ulikuwa utani wao wa kila siku. Ufito alinuka petroli, na sisi sote tulijua. Shuka zao zilinuka, taulo zilinuka. Yeye mwenyewe hakuwa anaisikia harufu hiyo tena. Miaka kumi na tisa ya kuinama juu ya vifuniko vile ilikuwa imeiua pua yake kwa petroli, ingawa kitunguu kikiungua alikuwa wa kwanza kusema.

Sasa niseme jambo la kitabu, kwa sababu ndilo lililotuvunja.

Kila siku alichukua mafuta ya jana, akatoa yaliyouzwa kwa mita za pampu, akalinganisha na yaliyobaki kwa ufito. Mara zote hupungua kidogo, maana petroli hupaa kwa joto. Meneja wa kituo aliwapa wapimaji kikomo: upungufu usiozidi lita kumi na tano kwa tangi kwa siku ni wa joto, usisumbue watu. Ukizidi hapo, piga simu, kituo kifungwe, tangi lipimwe. Lakini ufito si mashine. Unene wa uzi tu kwenye ule wekundu ni lita kumi, lita ishirini. Kwa hiyo wapimaji wote, si yeye peke yake, walikuwa na desturi waliyoiita kulainisha. Ukisoma lita ishirini zimepungua, unajiambia mkono ulitetemeka, unaandika kumi na nne. Tofauti inayorundikana unaimaliza siku lori linaposhusha mafuta, kwa sababu siku hiyo kila kitu kinavurugika, na unaandika kwamba lori lilileta pungufu kidogo. Mpimaji aliyemfundisha Ufito alimfundisha hivyo, na naye alifundishwa hivyo. Hakuna aliyeiba hata tone. Walikuwa wanaona aibu kupeleka juu kitabu chenye mikunjo.

Ufito aliamini kitabu kuliko ufito. Hilo ndilo kosa lake lote.

Dada alianza kuchoka mwaka ule wa kiangazi kirefu. Kichwa kikauma, chakula hakipiti, akipanda ngazi mbili za mlango anasimama kushika ukuta. Tukasema ni umri. Kisha akaanza kulalamika kuhusu harufu.

"Mume wangu, hili koti sasa limezidi. Hata uji unanuka wewe."

Ufito hakubisha. Akaanza kuliacha koti kituoni. Harufu ikabaki. Akaanza kuoga kituoni kabla ya kurudi. Harufu ikabaki. Dada akamnunulia sabuni ya kunukia, ya wanawake, na watu wa pampu wakamcheka wiki nzima, "Ufito, leo unakwenda kwa nani?" Naye alitabasamu tu, akaendelea kujisugua. Mimi nilikuwa nachota kisima kile kile, nakunywa, napikia, na nilipopata harufu kwenye kikombe nilifikiri shemeji amekishika. Sote tulimlaumu yeye. Nyumba yoyote nyingine ingejua ndani ya siku mbili.

Aliyejua ni mshonaji wa mtaa wa pili. Alikuja kumletea dada gauni, jua kali, akaomba maji. Dada akamchotea. Akaweka mdomoni, akatema mpaka kwenye gauni.

"Mama wee! Mnakunywa petroli nyie?"

Dada akacheka. "Ni kikombe cha mume wangu hicho, jamani. Subiri nikupe kingine."

Akampa kingine. Mshonaji akanusa tu, akakiweka chini. "Shoga, hili si la kikombe. Hebu lete ndoo." Akainamia ndoo, akainuka taratibu. "Kisima chenu kina mafuta."

Ufito aliporudi saa kumi alitukuta dada, mshonaji na mimi tumekaa tunaitazama ndoo. Dada akamwambia. Akarudi kituoni mbio, akaja na ile tyubu ya dawa. Akafunga kamba kwenye kipande cha ufito, akapaka, akaniambia, "Shemeji, nishikie kamba." Akakiteremsha kisimani vile vile anavyofanya kwenye tangi, mkono juu ya mkono, asije akagonga maji. Akakitoa. Palikuwa na mkanda mwekundu, unene wa kidole, mahali petroli ilipokuwa inaelea juu ya maji.

Midomo yake ilicheza, inasoma. Kisha akakiweka puani. Akakinusa muda mrefu, akanigeukia kama mtu anayeomba.

"Inanuka?"

"Inanuka, shemeji."

Kesho yake tulimpeleka dada hospitali. Wakampima, wakasema damu yake imekwisha kabisa na mwili hautengenezi nyingine ipasavyo. Wakamwongezea. Daktari, msichana mdogo mwenye subira, alituita pembeni.

"Siwezi kuwaapia kwamba ni maji ndiyo yaliyofanya hivi," alisema. "Lakini lazima nijue. Amekuwa akiyanywa tangu lini?"

Ufito alitazama mlango wa wodi.

"Mzee, ni mwezi? Mwaka? Wewe si ndiye unayepima pale? Lazima mna kumbukumbu za kuvuja."

"Zipo," alisema Ufito. "Hazioneshi kitu."

Nilidhani anamaanisha kwamba tangi ni zima. Baadaye, tumekaa kwenye benchi la nje, ndipo akanieleza habari ya kulainisha. Alieleza akiangalia viatu vyake. Kitabu kilisema kwa miaka kumi na tisa hakuna tangi lililowahi kuvuka kikomo. Kama angenyamaza, kitabu kingemlinda mpaka kustaafu, na petroli ya kisimani ingekuwa ya gereji, au ya mtu aliyemwaga dumu. Kama angesema, dada angejua mkono ulioficha ulikuwa wa nani.

"Unaweza kuipata tarehe?" nilimuuliza.

"Kitabuni haipo. Lakini lori lina hati zake, na pampu zina mita. Hizo sikuzigusa."

Jumamosi alileta masanduku mawili kutoka stoo, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye. Tukakaa mezani, chumba cha mbele, tangu asubuhi. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Jumlisha yote ambayo lori limeshusha tangi namba tatu kwa mwaka. Jumlisha yote ambayo pampu zimeuza. Toa. Kinachobaki kiwe kwenye tangi, au kipotee kidogo kwa joto. Yeye alisoma, mimi niliandika, halafu tukabadilishana ili tusikosee. Tulianza na miaka ya zamani, na ilikaa vizuri, upungufu mdogo wa kawaida. Ufito akaanza kupata nguvu, akaomba chai. Mwaka mwingine, sawa. Mwingine, sawa. Kisha nikatoa, nikatoa tena, nikamsukumia karatasi. Mwaka ule petroli lita elfu saba na kitu haikuuzwa wala haikuwemo. Mwaka uliofuata, elfu saba tena. Na uliofuata.

"Gawanya kwa siku," alisema.

Ilikuja lita ishirini na ushee. Kumi na nne aliziandika kwa jina la joto. Sita alizitupia lori.

"Miaka sita," alisema. "Ilianza baada ya zile mvua kubwa. Maji mengi yaliificha harufu mpaka kiangazi hiki." Akaikunja karatasi ile mara nne, akaitia mfukoni. Chai yake hakuigusa.

Jumatatu aliipeleka kwa meneja, mimi nikiwa nje na toroli langu. Dirisha lilikuwa wazi.

"Nani mwingine ameiona hii?" meneja aliuliza.

"Shemeji yangu."

"Kitabu kina saini ya nani?"

"Yangu."

"Kila ukurasa?"

"Kila ukurasa, bosi."

"Basi wewe mwenyewe unajua unachojifanyia. Mimi nilikuwa naletewa kitabu kisafi."

"Ni kweli. Ulikuwa unaletewa kisafi. Naomba umwite mkaguzi."

Mkaguzi alikuja, wakapima tangi, likakutwa na mshono uliooza upande wa mteremko. Tangi likafungwa. Ufito naye kazi ikaishia hapo. Alirudi na sanduku dogo lenye kikombe chake na tyubu mbili za dawa, na kile kitabu kikubwa kikachukuliwa.

Kumweleza dada ilimchukua siku tatu zaidi. Alikuwa amesharudishwa nyumbani, amelala chumba cha mbele, amepauka kama jani kavu. Mimi nilikuwa nataka kutoka, Ufito akanishika mkono, nikabaki mlangoni. Alimweleza yote, bila kujitetea hata kidogo, mpaka lita sita.

Dada alikuwa anatazama dari. "Miaka sita," alisema.

"Miaka sita."

"Mama alikunywa?"

"Alikunywa."

"Msibani kwake, yale mapipa matatu tuliyowajazia watu. Yalikuwa ya kisima?"

"Ya kisima."

Dada akageukia ukutani.

Siku mbili hakumsemesha. Alinitumia mimi, mtu mzima, kama simu. "Mwambie shemeji yako chai iko mezani." Na yeye yuko pale pale, anasikia. Usiku wa kulala hakumfukuza, lakini alivuta shuka upande wake. Ufito alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, mikono kati ya magoti. Alitaka kusema samahani, na kila akifungua mdomo dada alikohoa.

Siku ya tatu, asubuhi, dada alimtazama.

"Hapo ulipokaa unaatamia nini?"

"Nilikuwa nataka nikuombe—"

"Usiniombe mimi. Huko chini ya mteremko kuna nyumba kumi na moja, zote zina visima. Umekwenda?"

"Mkaguzi alisema atapeleka taarifa."

"Mkaguzi ana haraka gani? Yeye hana mke kitandani. Si una dawa yako? Nenda ukapime, na uwaambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Ukirudi, uje uniambie."

Ndivyo alivyoanza kwenda. Nilimfuata kumshikia kamba, maana Ufito alikuwa mtu wa kuhesabu, si mtu wa kubisha hodi, na mimi si msemaji pia, lakini wawili ni afadhali. Tulikwenda nyumba moja kwa siku, mara nyingine mbili. Ilibidi aeleze kila mahali tangu mwanzo: yeye ni nani, tangi, kitabu, kulainisha. Fundi baiskeli alimsikiliza na spana mkononi, na mpaka kamba inatoka niliogopa ile spana. Dawa haikubadilika rangi. Fundi akasema, "Haya, nendeni," akarudi kwenye gurudumu lake. Kwa bibi mmoja anayekaa na wajukuu, dawa ilitoka nyekundu. Bibi akakataa. Akasema maji yake anayajua, akachota kata, akampa Ufito. "Kunywa uniambie yana nini." Ufito akanywa yote, kwa heshima. Kisha akamwambia, "Mama, mimi pua yangu haisikii. Waite wajukuu wanuse." Wajukuu wakanusa, wakamwangalia bibi yao, na bibi akakaa chini.

Jioni dada alikuwa anamngoja, mto umeinuliwa. "Ehe. Leo?"

"Kwa mwalimu. Nyekundu."

"Nene?"

"Nusu ya kidole."

"Ana mtoto mchanga yule. Nani atawapelekea maji ya bomba?"

"Shemeji kaahidi madumu mawili kila asubuhi."

"Manne," dada alisema. Nami nikaanza kubeba manne.

Sikuwahi kumsikia dada akimwambia Ufito amemsamehe. Lakini shuka ilirudi katikati, na jioni moja niliwakuta wamekaa, kichwa cha dada kwenye bega la Ufito, hakuna koti la kulalamikia tena. Dada aliongezewa damu mara mbili zaidi. Kila mara ilimshika kwa muda mfupi kuliko mwanzo. Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, nyumba ya nane ikiwa imepimwa jana yake. Binti yao, aliyeolewa mbali, alisafiri kuja kuzika, akamkumbatia baba yake, lakini alipoambiwa habari za kitabu alimwachia. Akaondoka siku ya tatu bila kuaga vizuri. Mpaka naandika haya, anapiga simu yangu, si ya baba yake.

Nilifikiri zile nyumba tatu za mwisho zitabaki bila kupimwa. Baada ya wiki Ufito alikuja chumbani kwangu, amevaa shati safi, tyubu mkononi. "Twende," alisema.

Nyumba mbili zilikuwa salama. Ya mwisho kabisa, chini karibu na mto, ilikuwa ya karani mstaafu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitusikiliza akiwa amesimama ndani ya mlango, bila kutukaribisha.

"Sijaelewa," alisema. "Ulikuwa unajua kwamba linavuja, au ulikuwa hujui?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Ufito hivyo moja kwa moja.

"Kila asubuhi nilikuwa naona, mzee," alisema. "Nikishaandika, nilikuwa sijui tena."

Karani alimtazama. Kisha akafunga mlango, taratibu tu, bila hasira. Tulisimama juani. Nilitaka kuondoka, Ufito hakutoka mahali pake. Baada ya muda mrefu mlango ulifunguliwa na mke wa karani, mama mnene mwenye kanga ya jikoni. Akaonesha kwa kidole nyuma ya nyumba. Tukapima. Dawa ilibadilika, mstari mwembamba kama uzi, lakini ni nyekundu. Ufito akamwonesha, akamwambia asinywe, akamwambia madumu yatakuja kesho. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akatuletea kitambaa tufute kamba.

Tulipanda mteremko. Nyumbani aliingia chumba cha mbele, akasimama pale kitanda kilipokuwa, maana tulikuwa tumekwisha kukitoa. Mimi nilikaa kizingitini kuvua viatu.

"Kwa karani," alisema.

Nilikuwa naye. Kamba niliishika mimi. Lakini alikuwa ananitazama, anangoja.

"Ehe," nikasema. "Ilikuwaje?"

"Nyekundu," alisema shemeji yangu. "Nyembamba. Kama uzi."